Bakteriofaji na Tiba ya Vidonda Vyenye Bakteria Sugu: Maelezo ya Kisayansi na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi bakteriofaji, yaani virusi vinavyozaliana ndani ya bakteria peke yake, zinavyoweza kutumiwa kutibu vidonda vilivyoingiwa na bakteria wasiouawa tena na viuavijasumu vya kawaida. Yanachunguza utendaji wake, historia yake, ushahidi uliopatikana katika majaribio ya tiba, na vikwazo vinavyoikabili tiba hiyo. Mwishoni, makala yanajadili istilahi za Kiswahili zinazohusika na kudai kwamba uteuzi wa istilahi katika uwanja huu haumhusu mwanaleksikografia pekee, bali pia haki ya mgonjwa ya kuelewa kitu kinachotiwa kidondani mwake kabla ya kukikubali au kukikataa.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina jina la tangu zamani la kidonda kisichopona: donda ndugu. Jina hilo lilibuniwa na watu walioshuhudia jeraha likianza dogo, likapanuka, likaoza, na hatimaye likamwondolea mtu mguu au uhai. Viuavijasumu, ambavyo watu wengi huviita antibiotiki, vilipoenea duniani kuanzia miaka ya 1940, ilidhaniwa kwamba vifo vitokanavyo na vidonda vingebaki kuwa habari za kale. Dhana hiyo haikudumu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba matumizi ya dozi pungufu yangewafunza bakteria kuihimili dawa hiyo.

Onyo hilo limetimia. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizo ya bakteria sugu, na kwamba vifo milioni 4.95 vilihusiana na maambukizo hayo kwa namna moja au nyingine. Kati ya kanda zote zilizochunguzwa, kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya moja kwa moja kilikuwa katika Afrika ya Magharibi iliyo kusini mwa Sahara: vifo 27.3 kwa kila watu 100,000. Kwa hiyo si sahihi kuliona tatizo hili kuwa ni la nchi tajiri zinazotumia dawa kupita kiasi.

Katika hali hiyo, wataalamu wengi wameirudia tiba iliyobuniwa kabla ya penisilini na kisha ikasahauliwa katika sehemu kubwa ya dunia, yaani tiba ya bakteriofaji. Makala haya yamejikita katika vidonda, kwa kuwa kidonda ni mahali ambapo dawa inaweza kupakwa moja kwa moja juu ya bakteria, na kwa kuwa mafanikio na makosa ya tiba hii yamedhihirika hapo kwa uwazi mkubwa.

2.0 Ni Nini Kilicho Sugu?

Kabla ya kueleza tiba, yafaa kwanza tueleze tatizo, maana lugha tunayoitumia kulitaja inaweza kutupoteza. Kwa asili, sugu ni ngozi ngumu iotayo penye msuguano wa mara kwa mara, kama vile kiganjani mwa mshika jembe. Kwa njia ya sitiari neno hilo limepanuka maana, na sasa twasema mhalifu sugu, ugonjwa sugu, kidonda sugu na bakteria sugu. Katika tiba, maana mbili kati ya hizo hukaribiana kiasi cha kuchanganywa. Kidonda sugu ni kile kilichokaa muda mrefu bila kupona. Bakteria sugu ni wale wasiouawa na dawa ambayo hapo awali iliwaua.

Mambo haya mawili huweza kuwapo pamoja, lakini si jambo moja. Kidonda cha mguu kinachotokana na kisukari au na mishipa dhaifu ya damu huweza kudumu kwa miezi ingawa bakteria waliomo wanauawa kwa urahisi na dawa za kawaida. Kinachokizuia kupona ni upungufu wa damu. Kwa upande mwingine, kidonda cha upasuaji chenye umri wa siku tatu tu huweza kuwa na bakteria waliokwisha kuzishinda dawa zote zilizopo wodini. Bakteriofaji zinaweza kusaidia katika hali hii ya pili. Hazizibui mishipa ya damu wala hazipunguzi sukari mwilini.

Aidha, ipo imani iliyoenea kwamba mwili wa mgonjwa ndio “uliozoea dawa”. Imani hiyo si sahihi. Kinachobadilika ni bakteria. Katika kundi la mamilioni ya bakteria hutokea wachache wenye mabadiliko katika jeni zao. Dawa inapowaua wenzao, hao wachache hubaki na kuzaliana. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana vipande vya DNA vyenye maelekezo ya usugu, hata kati ya spishi tofauti. Maelekezo hayo huwawezesha kutengeneza vimeng'enya vya kuivunja dawa, kubadilisha sehemu ambayo dawa huilenga, au kuunda pampu za kuitoa dawa nje ya seli. Ndiyo maana mtu ambaye hajapata kumeza kiuavijasumu maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu.

Kidonda kina tatizo jingine la ziada. Bakteria wa kidondani, hasa Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, hujikusanya na kujifunika kwa utando wa utelezi wanaoutengeneza wenyewe. Dawa hupenya utando huo kwa shida, na bakteria waliomo ndani yake hukua polepole. Na kwa kuwa viuavijasumu vingi huwashambulia bakteria wanaokua kwa kasi, hao huponyoka.

3.0 Bakteriofaji na Utendaji Wake

Bakteriofaji ni kirusi ambacho mwenyeji wake ni bakteria. Nyingi kati ya zile zinazotumika katika tiba zina kichwa chenye DNA, mkia, na nyuzi nyembamba mwishoni mwa mkia. Ukubwa wake ni mdogo mno: faji iitwayo T4, ambayo ni miongoni mwa kubwa, ina urefu wa nanomita 200 hivi, na haionekani ila kwa darubini ya elektroni. Hupatikana popote walipo bakteria, yaani katika udongo, bahari, matumbo ya watu na wanyama, na hasa katika maji taka. Wanasayansi hukadiria kwamba idadi ya faji duniani ni kubwa kuliko idadi ya viumbe vingine vyote vikijumlishwa pamoja.

Utendaji wake una hatua tano. Kwanza, nyuzi za mkia hugusa molekyuli fulani iliyo juu ya ukuta wa bakteria, ambayo huitwa kipokezi. Ikiwa kipokezi hakilingani na nyuzi hizo, hakuna kinachotokea. Pili, faji huingiza DNA yake ndani ya bakteria, na ganda lake hubaki nje. Tatu, DNA hiyo huviteka viwanda vya seli na kuviamuru vitengeneze sehemu za faji mpya. Nne, sehemu hizo huunganishwa na kuwa faji kamili. Tano, protini maalumu hutoboa utando wa ndani wa seli, na kimeng'enya kingine huuyeyusha ukuta, bakteria akapasuka na kufa. Kwa T4, kazi hii yote huchukua takriban nusu saa, na faji 100 au zaidi hutoka katika bakteria mmoja zikiwa tayari kuwashambulia wengine.

Kutokana na maelezo hayo tunapata sifa tatu zinazozitofautisha bakteriofaji na dawa nyingine zote. Sifa ya kwanza ni kuongezeka. Dawa ya kawaida hupungua tangu inapoingia mwilini, lakini faji huzidi maadamu bakteria wapo, na wakiisha nayo hukosa pa kuzaliana ikatoweka. Sifa ya pili ni uteuzi. Faji ya Staphylococcus haimgusi Pseudomonas, na mara nyingi haiwagusi hata baadhi ya Staphylococcus wenyewe. Bakteria wenye manufaa wa ngozi na matumbo husalimika. Seli za binadamu hazina vipokezi hivyo, kwa hiyo faji haiwezi kuziambukiza. Sifa ya tatu ni kwamba njia inayotumiwa na faji kumwua bakteria haihusiani na njia ya viuavijasumu. Kwa hiyo bakteria sugu kwa penisilini hana kinga ya asili dhidi ya faji.

Hata hivyo, si kila faji inafaa kwa tiba. Zipo zinazopasua moja kwa moja, na zipo nyingine ambazo, badala ya kupasua, huiunganisha DNA yake na ile ya bakteria na kutulia humo kwa vizazi vingi. Hizi tulivu hazitakiwi, kwa sababu huweza kumhamishia bakteria jeni za sumu au za usugu. Kwa hiyo kila faji itarajiwayo kutumika hupaswa kusomwa DNA yake kwanza.

4.0 Historia kwa Muhtasari

Mwaka 1915 mtaalamu wa bakteria Mwingereza, Frederick Twort, alieleza jambo lisilojulikana lililokuwa likiwaua bakteria aliowaotesha maabarani. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alitangaza kwamba ameona kitu kama hicho katika vinyesi vya wagonjwa wa kuhara damu waliokuwa wakipata nafuu. Yeye alisisitiza kwamba ni kirusi, akakiita bakteriofaji kwa kuunganisha neno bakteria na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kula. Mwaka 1919 alimtibu mtoto mwenye kuhara damu katika hospitali moja ya Paris, baada ya yeye mwenyewe na madaktari wenzake kuinywa dawa hiyo ili kuthibitisha kwamba haina madhara.

Taarifa ya kwanza ya tiba hii kuchapishwa ilihusu ngozi. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Ubelgiji, Richard Bruynoghe na Joseph Maisin, walieleza jinsi walivyodunga faji karibu na majipu yaliyosababishwa na Staphylococcus, na uvimbe na maumivu vikapungua. Miaka michache baadaye tiba ikafika Afrika: mwaka 1925 d'Hérelle, ambaye wakati huo alikuwa katika huduma ya karantini nchini Misri, alichapisha habari za wagonjwa wanne wa tauni aliowadunga faji ndani ya mitoki, wakapona.

Mwaka 1923 George Eliava alianzisha taasisi mjini Tbilisi, Georgia, ambayo baadaye d'Hérelle alikwenda kushirikiana nayo. Eliava aliuawa mwaka 1937 katika misako ya kisiasa ya utawala wa Stalin, lakini taasisi ilibaki, na faji zake zilitumika kutibu vidonda vya askari wa Jeshi Jekundu. Katika nchi za Magharibi mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1934 Monroe Eaton na Stanhope Bayne-Jones walichapisha nchini Marekani tathmini ya maandishi yote yaliyokuwapo, wakahitimisha kwamba ushahidi mwingi ulipingana. Yafaa ikumbukwe kwamba hata wao walikubali kuwa ushahidi kuhusu maambukizo ya Staphylococcus ya mahali pamoja ulikuwa na uzito. Lakini penisilini ilipokuja, ikiwa moja kwa maradhi mengi, hapakuwa na aliyetaka kuhangaika na dawa inayohitaji kumjua kwanza adui kwa jina.

Faji zenyewe hazikuachwa na wanasayansi. Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase walizitumia kuonyesha kwamba urithi hubebwa na DNA. Kilichoachwa ni matumizi yake ya kitabibu, isipokuwa Georgia, Urusi na Poland, ambako taasisi ya mji wa Wrocław iliyafanyia kazi kwa miongo mingi.

5.0 Ushahidi wa Majaribio

Je, tiba hii inaponya? Jibu la uaminifu ni kwamba imeponya wengi, lakini majaribio yaliyopangwa kwa masharti makali bado ni machache na matokeo yake hayajawa ya kuridhisha. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Texas, Marekani, kwa wagonjwa wapatao 40 wenye vidonda vya miguu. Faji zilionekana kuwa salama, ila vidonda havikupona kwa kasi zaidi kuliko vile vilivyopakwa maji ya chumvi. Jaribio lilipangwa kupima usalama, lakini pia linaafiki hoja ya sehemu ya 2.0: chanzo cha vidonda hivyo kilikuwa mishipa ya damu, si bakteria pekee.

Jaribio lenye mafunzo mengi zaidi ni PhagoBurn, lililofanyika kati ya mwaka 2015 na 2017 katika hospitali za Ufaransa na Ubelgiji. Wagonjwa 27 wenye majeraha ya moto yaliyoingiwa na Pseudomonas aeruginosa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipakwa mchanganyiko wa faji 12, na wengine malhamu ya salfadiazini ya fedha. Katika kundi la faji, muda wa kati wa kupunguza bakteria ulikuwa saa 144, na katika kundi la malhamu saa 47. Jaribio likasimamishwa.

Kwa juujuu, huo ni ushinde. Uchunguzi ulionyesha sababu. Ilikusudiwa kila mililita iwe na faji milioni moja, lakini mchanganyiko ulipoteza nguvu baada ya kutengenezwa, hata wagonjwa wakapata takriban faji 100 kwa mililita, yaani sehemu moja ya 10,000. Faji haina miguu wala mabawa. Humfikia bakteria kwa kugongana naye kwa nasibu. Zikiwa chache mno juu ya jeraha pana, nyingi huoshwa na majimaji ya kidonda kabla hazijakutana na bakteria hata mmoja, na ule uzidishaji tuliousifu hauanzi. Kwa hiyo jaribio hilo halikuthibitisha kwamba faji hazifai. Lilithibitisha kwamba utengenezaji na utunzaji wake ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa upande wa wagonjwa mmoja mmoja, habari ni za kutia moyo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wachache wa kisukari ambao vidonda vyao vya vidole vya miguu vilikataa dawa, na ambavyo vilipona baada ya kutiwa faji ya Staphylococcus kutoka Tbilisi. Mwaka 2019 ilichapishwa habari ya kijana wa miaka 15 wa Uingereza aliyebadilishwa mapafu, kisha bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus akaenea mwilini mwake hadi katika kidonda cha upasuaji kifuani. Alipewa mchanganyiko wa faji tatu, mbili kati yake zikiwa zimebadilishwa jeni ili zipasue badala ya kutulia. Kidonda kilifunga na vinundu vya ngozi vikapungua. Faji ya tatu, ambayo haikuhitaji kubadilishwa, ilikuwa imepatikana mwaka 2010 mjini Durban, Afrika ya Kusini, katika bilinganya lililooza.

Taarifa pana zaidi ilitoka Ubelgiji mwaka 2024. Ilihusu wagonjwa 100 waliofuatana, waliotibiwa katika hospitali 35 za nchi 12 kwa uratibu wa hospitali ya kijeshi ya Brussels. Asilimia 77.2 ya maambukizo yalipata nafuu, na katika asilimia 61.3 bakteria waliolengwa walitoweka kabisa. La muhimu zaidi ni kwamba uwezekano wa kuwatokomeza bakteria ulipungua kwa asilimia 70 pale faji zilipotumiwa bila viuavijasumu. Hata hivyo, wagonjwa hao hawakulinganishwa na wengine wasiopewa faji; kwa hiyo takwimu hizo zinaonyesha matumaini, haziwi uthibitisho wa mwisho.

6.0 Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni uteuzi uleule tuliouita sifa. Daktari hawezi kutia faji kwa kubahatisha. Ni lazima usaha uchukuliwe, bakteria aoteshwe, kisha faji mbalimbali zijaribiwe juu yake. Maabara humwaga bakteria katika sahani yenye rojo lililoganda, na kudondoshea faji. Penye kufaa hutokea doa angavu ambapo bakteria wamekufa. Hospitali isiyo na maabara ya bakteria haiwezi kutoa tiba hii, kama ambavyo haiwezi kujua kwa hakika ni kiuavijasumu kipi kinachofaa.

Kikwazo cha pili ni kwamba bakteria huweza kuwa sugu kwa faji pia, kwa kubadilisha au kuondoa kipokezi. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza faji iliyotolewa katika bwawa la Connecticut, ambayo hutumia kama kipokezi sehemu ya pampu inayotoa dawa nje ya seli ya Pseudomonas. Bakteria akitaka kuikwepa faji hiyo hulazimika kuiharibu pampu yake, na akiiharibu hurudi kuuawa na viuavijasumu. Hapo bakteria yu kati ya mamba na simba. Mfano huo unaeleza kwa nini faji na viuavijasumu hufaa kuwa washirika, wala si wapinzani.

Kikwazo cha tatu ni usafi. Bakteria anapopasuka hutoa sumu zilizokuwa katika ukuta wake. Faji zilizochujwa vibaya huweza kumdhuru mgonjwa kwa sumu hizo, hasa zikidungwa mshipani. Kikwazo cha nne ni sheria. Taratibu za kusajili dawa zinadai dawa iwe na muundo mmoja usiobadilika, ilhali mchanganyiko wa faji huhitaji kubadilishwa kwa kadiri bakteria wanavyobadilika. Ubelgiji ilitatua suala hili kwa kuruhusu faji zitayarishwe na mfamasia kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliyeandikiwa na daktari, chini ya ukaguzi wa maabara iliyoidhinishwa.

Kwa Afrika Mashariki, malighafi si tatizo. Maji taka ya miji yetu yana faji tele. Tanzania na Kenya zilitoa mwaka 2017 mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Aidha, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi imefanya utafiti wa faji dhidi ya salmonela katika kuku. Kinachohitajika ni maabara, hifadhi ya baridi, na wataalamu wa kuzichuja na kuzikagua.

7.0 Suala la Istilahi

Kinahitajika pia kitu cha nne, nacho ni lugha. Tiba ambayo haijazoeleka haiwezi kutolewa bila ridhaa ya mgonjwa, na ridhaa haipo pasipo kuelewa. Hebu tuzichunguze istilahi zinazoweza kupendekezwa.

Istilahi ya kwanza ni “virusi vya bakteria”. Ni sahihi kisayansi. Hata hivyo, kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili neno virusi limefungamana na UKIMWI tangu miaka ya 1980, na kisha na UVIKO-19 tangu mwaka 2020. Kumwambia mgonjwa kwamba atatiwa virusi kidondani ni kumtisha kabla hajaelezwa. Isitoshe, kihusishi “vya” kina utata: “virusi vya UKIMWI” ni virusi vinavyoleta UKIMWI, je, “virusi vya bakteria” ni vile vinavyoleta bakteria?

Istilahi ya pili ni tafsiri ya jina la d'Hérelle, yaani “mlabakteria”. Inafuata kanuni za uundaji wa maneno, lakini inapotosha, kwani faji haili. Haina kinywa, haina tumbo, wala haipati lishe. Huteka seli, huzaliana na kupasua.

Istilahi ya tatu ni “kipasuabakteria”, kwa mfano wa kipimajoto na kiuavijasumu. Inaeleza kitendo chenyewe. Tatizo lake ni kwamba katika wodi ya vidonda kitenzi kupasua kimekwisha kuwa mali ya daktari wa upasuaji. Mgonjwa akisikia “kupasua” atafikiria kisu. Aidha, faji zile tulivu hazipasui mara moja, lakini nazo ni bakteriofaji.

Kwa kuzingatia hayo, maoni yetu ni kwamba neno la mkopo, bakteriofaji, pamoja na kifupi chake faji, ndilo linalofaa kusanifishwa katika ngeli ya I-/ZI-. Neno la mkopo halina maana ya awali ya kumpotosha mtu. Kasoro yake ni kwamba halijielezi, na kasoro hiyo haina budi kuzibwa kwa maelezo ya kudumu yatakayotumika katika fomu za ridhaa, kwa mfano: “Bakteriofaji ni aina ya virusi vidogo sana vinavyoua bakteria wa kidonda tu, na haviwezi kuishi katika seli za mtu.” Katika maelezo hayo neno virusi limetajwa makusudi. Kulificha kungempunguzia mgonjwa hofu, lakini kungekuwa ni kumpatia ridhaa kwa hila.

Vilevile, usemi “usugu wa dawa” uachwe, kwa kuwa kihusishi “wa” kinaweza kufahamika kwamba dawa ndiyo iliyo sugu. Usemi “usugu wa bakteria dhidi ya dawa” ni mrefu, lakini unamtaja mhusika. Na pale panapokusudiwa muda mrefu wa kidonda, pasemwe “kidonda cha muda mrefu”, ili neno sugu lihifadhiwe kwa bakteria.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba bakteriofaji si dawa ya miujiza wala si masalia ya sayansi iliyopitwa na wakati. Zina uwezo wa kuwaua bakteria walioshinda viuavijasumu, hasa zikitumika pamoja navyo, mradi faji inayofaa ichaguliwe kwa uchunguzi wa maabara, itiwe kwa wingi wa kutosha, na iwe safi. Jaribio la PhagoBurn limeonyesha gharama ya kupuuza sharti la pili. Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. La kuongeza hapa ni kwamba moto wa kuzimia lazima uujue moto unaozimwa.

Kwa wanaisimu, kazi iliyo mbele ni kuzipima istilahi hizi kwa wagonjwa na wauguzi wenyewe kabla ya kuziingiza katika kamusi: mtu asomewe maelezo, kisha aombwe ayaeleze kwa maneno yake. Istilahi ambayo msikilizaji hawezi kuieleza upya haijatimiza kazi yake, hata kama imeundwa kwa kufuata kanuni zote za mofolojia.